Picha ya Kifua ya Bi Hamisa

Mashine yenyewe haikuwa na sura ya mhalifu. Ilisimama katika chumba cha nyuma cha Zahanati ya Mzambarauni, pale Mtoni, rangi yake ya maziwa imebanduka pembeni na shingo yake imeinamia ukutani. Inspekta Mwishehe aliizunguka mara moja, akaigonga kwa kidole, kisha akatafuta kiti. Alikuwa mtu wa mwili na mpole wa maneno, na asubuhi ile alikwishakula chapati kwa maharage ya nazi. Mtu aliyeshiba hana sababu ya kupeleleza akiwa amesimama.

"Haya, Sista Flaviana," alisema. "Nieleze taratibu. Bi Hamisa aliingiaje, alisimamaje, akatokaje."

Flaviana ndiye aliyekuwa mpiga picha za eksirei wa zahanati ile, binti wa Masasi, mwembamba, gauni lake jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Alikuwa nje kwa dhamana. Jamali, wakala wa kutoa mizigo bandarini kule Kurasini, alikuwa amemshitaki kwamba alimuunguza mama yake mzazi mgongoni kwa eksirei, na kidonda kilikuwapo, kipana kama kiganja, kila mtu amekiona. Ikithibitika, Flaviana angepandishwa kizimbani kwa kumjeruhi mtu kwa uzembe. Na hata kabla ya kuthibitika, Mtoni ilikwishatoa hukumu yake. Wagonjwa walikuwa wanapita mbali na zahanati, na mwenye zahanati alikwishamwambia kwamba polisi wasipomsafisha juma lile, atafute kazi kwingine.

"Alikuja alasiri na mkwewe, Shamimu," Flaviana alianza. "Daktari alitaka picha ya kifua, bibi anakohoa kwa muda mrefu. Nikamsimamisha pale, kifua kwenye kaseti." Alionyesha lile sanduku bapa la kubebea filamu, lililotundikwa ukutani. "Mgongo ukaelekea mashine."

"Mgongo ukaelekea mashine."

"Ndiyo, afande. Kifua hupigwa hivyo. Mionzi inaingilia mgongoni, inatokea mbele."

"Na kidonda kiko mgongoni."

Flaviana alitazama sakafu.

"Alivua nguo?" Mwishehe aliuliza.

"Alikataa. Nilimpa gauni la hapa, akaniambia hawezi kuvua mbele ya mtoto ambaye angekuwa mjukuu wake. Akabaki na kanga yake, kaivuta mpaka mabegani. Kanga haizuii mionzi, nikamwacha."

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Moja tu."

"Jamali anasema picha ilitoka mbovu. Ikitoka mbovu si mnarudia?"

"Wengine wanarudia hapohapo. Mie sikurudia. Kila ukirudia unamwongezea mtu mionzi, na umeme siku ile ulikuwa hautulii. Nikamwambia arudi kesho yake. Kesho yake akaja mwanawe na askari."

"Uliipangaje mashine?"

"Kilovolti hamsini na tano, maana bibi ni mwembamba. Miliampia mia moja. Sehemu ya kumi ya sekunde."

Mwishehe aligeuka kumtazama mtu wa tatu mle chumbani. Huyo alikuwa Kamugisha, mkaguzi wa mionzi aliyeletwa kutoka mjini, bwana wa miwani na tai katika joto lile la Temeke. "Mzee, nitafsirie mie mtu wa mitaani."

"Kilovolti ni nguvu ya mionzi kupenya mwili," Kamugisha alisema. "Miliampia na sekunde ni wingi wake. Ukipiga picha, unatafuta nguvu ya kutosha na wingi mdogo kadiri inavyowezekana. Alichotaja huyu binti ni cha kawaida. Ukitaka kuunguza ngozi kwa mpango huo, utampiga mtu picha mchana kutwa na bado usifike."

"Na kama kitasa cha sekunde kilikwama?"

"Hapo mambo yanabadilika. Mionzi itamwagika mpaka mtu azime swichi ukutani."

"Basi tuanzie hapo."

Kamugisha alifungua mkoba wake akatoa kitu ambacho Mwishehe hakukitegemea kwa mtu wa tai: pia ya shaba, ya kuzungusha kama za watoto, ila sahani yake ilikuwa imetobolewa tundu dogo ukingoni. Alishusha ile kaseti, akailaza mezani chini ya mashine, akaweka pia juu yake, akaizungusha kwa vidole viwili, na wote watatu wakajibanza nyuma ya ukuta mnene. Flaviana alibonyeza. Mashine ilitoa mlio mfupi ikanyamaza.

"Katika mashine kama hii mionzi haitoki mfululizo," Kamugisha alieleza wakati Flaviana akiwa chumba cha giza na filamu. "Inatoka kwa mapigo, mia moja kwa sekunde. Tundu likiwa linazunguka, kila pigo linaacha nukta moja. Sehemu ya kumi ya sekunde ni nukta kumi. Kitasa kikichelewa, utaziona ishirini, thelathini, au mkanda mzima mweusi."

Filamu ilitoka ikichuruzika maji. Mwishehe alihesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikicheza, akarudia tena kutoka upande wa pili.

"Kumi," alisema.

"Kumi," Kamugisha aliitikia, na Flaviana akajiegemeza mlangoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Leo," Mwishehe aliongeza. "Mwizi kukutwa nyumbani kwake leo si ushahidi kwamba jana hakutoka. Nileteeni picha ya bibi."

Waliitundika kwenye kisanduku cha mwanga. Ilikuwa imepauka kama maji ya mchele. Mbavu zilionekana kwa taabu, moyo ulikuwa wingu tu. Kamugisha alifurahi waziwazi. "Si hii hapa? Filamu inakuwa nyeusi kadiri mionzi inavyoifikia. Huyu angemwagiwa mionzi ya kuunguza, tungekuwa tunatazama kitu cheusi tititi. Isitoshe, ngozi iliyoungua kwa mionzi haitoi malengelenge kesho yake. Inachukua siku, hata majuma."

"Hilo utamwambia wakili wa Jamali, naye atakujibu kwamba halielewi." Mwishehe alikuna kidevu. "Mie nilipokuwa kuruti nilipanga nyumba moja na mpiga picha wa studio. Alikuwa akiniambia, picha ukiiwahi kuitoa kwenye dawa ya kuisafishia, inatoka nyeupe hata kama uliipiga kwenye jua kali. Sista, filamu unaitoa kwenye dawa baada ya muda gani?"

Flaviana aligeukia mlango wa chumba cha giza. "Nikiona kwa macho kwamba imeiva. Saa ya chumba cha giza ilikufa."

"Kwa macho?"

"Wengi tunafanyaga hivyo, afande."

Kamugisha alivua miwani. Furaha yake ilikuwa imekwisha. "Hiyo ni kweli, na ni tabia mbaya," alisema polepole. "Mtu anaweza kuzidisha mionzi mara nyingi, kisha akawahi kuitoa filamu, na ikatoka hivihivi." Alimtazama Flaviana kwa huruma, na huruma ile ilimtisha binti kuliko lawama.

Mwishehe alikuwa amesogeza uso karibu na kisanduku. "Hapa juu ya bega, nje ya mwili, pana nini?"

"Hapana kitu," Kamugisha alisema. "Ni hewa."

"Mbona pamekuwa peusi sana?"

"Mionzi haikukutana na chochote, ikafika filamu yote..." Mkaguzi alivaa miwani yake upesi.

"Na filamu ingetolewa mapema kwenye dawa, hapa pangekuwa na rangi gani?"

"Kijivu!" Flaviana alidakia. "Pangekuwa pa kijivu. Dawa haichagui, afande, ikiwahiwa inawahiwa kote."

"Sawasawa," Kamugisha alisema, naye alikuwa amerudiwa na rangi usoni. "Hewa nyeusi, mwili mweupe. Dawa ilimaliza kazi. Kilichokosekana ni nguvu ya kupenya."

"Umeme ulikuwa chini," Flaviana alisema. "Kuna kitasa cha kufidia, sikukipandisha. Nilipanga hamsini na tano, mashine ikatoa arobaini na kitu. Hilo ni kosa langu, silikatai. Nilimpiga bibi picha isiyosomeka."

Mwishehe alilipenda jibu lile. Alikuwa amehoji waongo wengi maishani mwake na hajamwona hata mmoja aliyemletea kosa ambalo hakuulizwa. Lakini bado kidonda kilikuwapo mgongoni mwa mwanamke mzee, na kidonda hakijitoboi.

"Na hivi vidoa?"

Kwenye pafu la kulia, palipokuwa na ukijivu kidogo, palikuwa na kundi la vidoa vyeupe, vidogo, vimekusanyika mahali pamoja.

"Uchafu ndani ya kaseti," Kamugisha alisema. "Chembe ya vumbi inaacha doa jeupe. Zahanati zote zina vidoa hivyo."

"Kaseti ni ipi?"

"Ni hiyohiyo ya leo," Flaviana alisema. "Ya ukubwa huu tunayo moja tu. Na sijaifuta. Tangu siku ile sijapata mgonjwa."

Mwishehe aliiinua filamu ya pia akaiweka kando ya ile nyingine. Zaidi ya nukta kumi na kivuli cha sahani ya shaba, ilikuwa safi kabisa. Alimwachia mkaguzi aone mwenyewe, kwa sababu mtu akijionea hata wakili hamyumbishi.

"Havikuwa kwenye kaseti," Kamugisha alikiri, akainama. "Vina pembe. Ni kitu kigumu kuliko nyama, kama mchanga. Na kingo zake zimefifia, tazama. Kitu kinachogusana na filamu kinatoka kikali. Hivi vilikuwa mbali nayo, upande wa pili wa mwili." Alinyooka. "Vilikuwa mgongoni. Na nguvu ya mashine ingekuwa ya kutosha siku ile, nadhani tusingeviona kabisa."

"Mgongoni, chini ya kanga aliyokataa kuivua." Mwishehe aliitia picha ya bibi kwenye bahasha, akachukua kofia yake. "Mzee Kamugisha, nisubiri hapa. Nakwenda kunywa chai kwa Bi Hamisa."

Nyumba ya Bi Hamisa haikuwa mbali, ng'ambo ya Barabara ya Kilwa, nyumba ya Waswahili yenye ukumbi mrefu na uwanja safi nyuma. Bi Hamisa alikuwa amelala kifudifudi mkekani kivulini mwa ukuta, mgongo umefunikwa kwa kitambaa laini. Shamimu, mke wa Jamali, alikuwa kandoni mwake akichambua mchele. Alipoona magwanda, mkono ulisimama juu ya ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tena? Si nilikwishasema yote?"

"Leo sikuja kuhoji. Nimekuja kukujulia hali."

Wazee wa pwani hawamwachi mgeni akae mdomo mkavu. Chai ya tangawizi ililetwa, na vitumbua. Mwishehe alikula kwa moyo wote, akasifu, akaulizia upishi, kisha akaingia kwenye habari za kikohozi.

"Kinaniuma mbavu zote," Bi Hamisa alisema. "Usiku silali."

"Hata mama yangu alikuwa hivyo. Sie kwetu Kisarawe tulikuwa tukimkanda."

"Kwa maji?"

"Maji hayamtoshi mtu mwenye maumivu. Chumvi ya mawe. Unaikaanga kwenye chungu mpaka inarukaruka, unaifunga kwenye kitambaa, unakanda mgongo. Unampaka na mafuta ya nazi."

"Hapo ndipo penyewe," Bi Hamisa alisema kwa raha, na papo hapo akajua ametegwa. Shamimu alikuwa ameinua birika, na chai ikamwagikia mkekani.

Mwishehe hakupandisha sauti. "Tabu yake ni kitambaa. Kikiwa kikuukuu, chumvi ya moto inakitoboa." Alitoa picha kwenye bahasha akaiinua kulielekea jua. "Hizi hapa, mama. Punje za chumvi, zimenasa kwenye mafuta. Zilikuwa mgongoni kwako kabla yule binti hajaigusa mashine. Uliungua hapa nyumbani."

Shamimu alianza kulia bila sauti. Bi Hamisa alijiinua kwa taabu, akakaa, akamvuta mkwewe karibu naye.

"Usimtazame huyu," alimwambia Mwishehe. "Ni mie. Jamali ana hasira za karibu. Mke wake wa kwanza alimpa talaka kwa sababu aliniacha nina homa akaenda harusini. Huyu Shamimu nampenda kama niliyemzaa. Jioni ile kitambaa kilipotoboka, nikajua mwanangu akiliona kovu, nyumba imevunjika. Kesho yake nikapelekwa kwenye picha. Nikaona, kumbe Mungu kanipa pa kusingizia. Nikasema mashine ilikuwa ya moto." Alimkazia macho Inspekta. "Mashine inafungwa, mwanangu? Haifungwi."

"Haifungwi, mama. Lakini yupo anayeibonyeza."

"Nani?"

"Yule binti uliyekataa kuvua mbele yake. Alilala mahabusu, sasa yuko nje kwa dhamana, na kazi yake inakwenda."

Bi Hamisa alishika mdomo. "Jamali kaniambia serikali itaichukua mashine. Kaniambia mashine tu!" Alitikisa kichwa muda mrefu, na aibu ilimjaa usoni hata Mwishehe akaangalia vitumbua. "Mtoto wa watu. Nimeokoa wangu, nikamzamisha wa mwanamke mwenzangu."

Sauti ya Jamali ilisikika ukumbini kabla hajaonekana. Alikuwa amekuja kula mchana, shati lake limelowa jasho la Kurasini, na funguo za gari zinamning'inia kidoleni. "Inspekta! Unamhoji mama mie sipo?"

"Kaa chini," Bi Hamisa alisema.

"Mama, huyu—"

"Nimesema kaa."

Jamali alikaa. Bi Hamisa alimweleza yote bila kupamba, ila alipofika kwenye chumvi alijitwika mzigo. "Mie ndiye niliyesema aongeze moto."

"Sivyo," Shamimu alisema huku akifuta machozi. "Mama alisema basi. Mie ndiye niliyechukua kitambaa kibovu."

"Nyamaza wewe, nimesema ni mie."

"Mama, ni mie."

Jamali aliwatazama kwa zamu kama mtu aliyeingia baraza la kesi isiyo yake. "Mke wangu kakuunguza, nawe ukanificha?"

"Nilikuwa nakimbia hasira zako," Bi Hamisa alisema. "Na nakwambia mapema, mbele ya polisi. Ukimwacha huyu, umeniacha na mie. Nafunga mkeka wangu, nahamia naye kwao Kigamboni."

"Kwani mie nimetaja talaka?"

"Bado. Ndiyo maana nimekuwahi."

Mwishehe alikunywa chai ili afiche mdomo uliokuwa unataka kucheka. Jamali alizungusha funguo, akamtazama mkewe aliyekuwa ameinamisha kichwa, kisha akauona ule mkono wa mama yake uliomshika Shamimu begani. Hasira ilimtoka, akabaki mtu mzima mwenye haya. "Kwa hiyo nimempeleka binti wa watu rumande kwa chumvi," alisema. "Inspekta, nifanye nini?"

"Utakuja kituoni ufute malalamiko. Hilo jepesi."

"Zito ni lipi?"

"Mtoni nzima inaamini mashine ile inaunguza. Nikiwabandikia tangazo ukutani, nani atalisoma? Binti atakuwa hana kesi, na kazi hana vilevile."

Bi Hamisa alikuwa amekwishasimama, mkono ukutani. "Shamimu, niletee kanga. Zile za doti mpya, za sikukuu. Na daktari si alisema picha haisomeki? Twende ikapigwe nyingine."

"Gari liko nje," Jamali alisema.

"Gari la nini? Nikipita ndani ya gari nani ataniona?"

Alikwenda kwa miguu, Shamimu amemshika mkono, Jamali nyuma, na Inspekta nyuma ya wote. Bi Hamisa alisimama kwenye kila baraza lenye watu. Wanawake walimuuliza anakwenda wapi na mgongo ule, naye aliwajibu kwa sauti ya kufika nyumba ya pili. "Nakwenda kupigwa picha."

"Kwenye mashine ileile iliyokuunguza?"

"Kilichoniunguza ni chumvi ya nyumbani kwangu. Nilisema uongo, na uongo wangu umemuumiza mtoto wa watu. Nisameheni."

Lilikuwa neno gumu kwa mwanamke wa umri na heshima yake, na alilisema upya kila baraza, uso umekauka, bila kupunguza hata kipande. Walipofika zahanati walikuwa na kundi la wanawake nyuma yao, waliobeba watoto na waliobeba umbeya tu.

Flaviana alitoka akiwa amejiandaa kwa mabaya. Bi Hamisa alimshika mikono yote miwili. "Mwanangu, nimekukosea. Mama yako huko Masasi angeninyooshea kidole, na angekuwa na haki. Nisamehe."

Flaviana alipiga goti. Ilibidi Shamimu amwinue.

Kisha kazi ikamrudia mikononi. Alimuuliza daktari kama picha bado inahitajika, akajibiwa ndiyo, kikohozi kile hakikujulikana bado. Alifuta kaseti, akatazama mshale wa umeme, akakipandisha kitasa cha kufidia mpaka mshale ukasimama panapotakiwa. Akaweka kilovolti sitini na tano. Sekunde hakuzigusa. Kamugisha alikuwa akitazama nyuma ya bega lake, akaitikia kwa kichwa. Bi Hamisa safari hii alivua kanga mwenyewe, akavaa gauni la zahanati bila neno. Wanawake walikuwa wamejazana mlangoni wakirefusha shingo.

"Wote nje," Flaviana alisema. "Hata wewe, afande. Mionzi si sinema."

Mwishehe alitoka na wenzake. Mlango ulifungwa. Walisikia sauti ya binti ikimwambia bibi avute pumzi mpaka ndani kabisa, aishike hapohapo. Mlio mfupi ulipita, na baada yake kimya, wanawake wote nje nao wameshika pumzi zao.

"Pumua, bibi. Tayari."

"Tayari nini? Mbona sijasikia kitu?"

Muda mfupi baadaye Bi Hamisa alitokea mlangoni, kanga zake mabegani, macho yamelowa lakini anacheka. Aliwageuzia wanawake mgongo ili anayetaka kutazama atazame, kisha akawageukia tena.

"Mmeniona?" alisema. "Haya, nani mwingine anakohoa?"

Mwanamke mmoja aliinua mkono. Halafu wa pili. Halafu wakaanza kusukumana, hata wasio na kikohozi, na kutoka ndani ya chumba sauti ya Flaviana ikawafikia, kali, sauti ya mtu aliye kazini kwake:

"Asiyeandikiwa na daktari simpigi!"